Mdai, Tarishi na Hakimu

Tarehe 1 Novemba 1897 Gavana Eduard von Liebert alitoa amri ya kodi ya nyumba katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kuanzia Aprili 1898 mwenye kibanda cha shamba alitakiwa kutoa rupia 3 kwa mwaka. Mwenye nyumba mjini alitozwa zaidi, kwa kadiri ya thamani ya nyumba yake. Palipokosekana fedha, boma lilipokea nafaka au siku za kazi. Mengi yameandikwa kuhusu amri ile kwa sababu ya chuki iliyoizaa, lakini kuna upande wake unaosahaulika: mtu asipolipa, alidaiwa wapi, na aliyekaa kumsikiliza alikuwa nani? Kwa zaidi ya miaka mia moja watu wa Tanganyika, kisha Tanzania, wamejibiwa swali hilo kwa namna tofauti, na kila jibu lilionyesha serikali ya wakati huo ilimhesabu mtu wake kuwa nani.

Jibu la Wajerumani lilikuwa fupi. Mzungu mwenye kesi alikuwa na jaji wa Kijerumani na sheria za Kijerumani. Mwafrika alikuwa na mkuu wa wilaya. Agizo la Chansela wa Ujerumani la Aprili 1896 lilimpa mkuu huyo mamlaka ya kumhukumu Mwafrika kifungo, minyororo au viboko hadi 25 kwa mara moja, adhabu ambayo watu wa pwani waliijua kwa jina la hamsa ishirini. Mkuu yuleyule ndiye aliyesimamia ukusanyaji wa kodi. Chini yake walikuwa maakida, wengi wao watu wa pwani waliojua kusoma na kuandika, na chini ya maakida majumbe wa vijiji. Kikao cha shauri kilifanyika bomani, askari wakiwa wamesimama pembeni. Jumbe alimtaja asiyelipa, akida akathibitisha, bwana mkubwa akaamua. Hapakuwa na wakili, wala ngazi ya juu ambako mkulima wa kawaida angeweza kupeleka malalamiko yake na kutarajia jibu.

Mwaka 1905 shinikizo liliongezeka. Gavana Gustav Adolf von Götzen alitoa amri mpya mwezi Machi: kodi ilipwe kwa fedha taslimu, na mwanamume mzima asiye na nyumba naye atozwe kwa kichwa chake. Fedha hizo zingetoka wapi? Katika mashamba ya pamoja ya pamba yaliyoanzishwa wilaya ya Dar es Salaam mwaka 1902, mtu alilazimishwa kufanya kazi siku 28 kwa mwaka, na malipo yalipogawanywa alipata kama theluthi moja ya rupia. Kodi ilikuwa rupia 3. Mtu huyo angefanya kazi miaka tisa katika shamba la akida ili alipe kodi ya mwaka mmoja. Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa miche ya pamba, na tarehe 4 Agosti Kinjikitile Ngwale akanyongwa Mohoro. Vita vya Majimaji vilikuwa na sababu nyingi, kuanzia pamba hadi manyanyaso ya maakida, na si haki kuvifanya vita vya kodi peke yake. Hata hivyo watu waliokuwa na pa kwenda kulalamika wangekuwa na njia nyingine ya kujaribu kwanza. Wao hawakuwa nayo.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliikuta nchi iliyochoka, na wakaipa jina la Tanganyika. Mahakama Kuu ilianzishwa mwaka 1920, ikiwa na majaji waliovaa majoho na kunukuu kesi za London. Sheria ya kodi ya nyumba na kichwa ikafuata mwaka 1922. Kwa macho ya haraka mambo yalikuwa yamebadilika: sasa kulikuwa na sheria iliyochapishwa, shilingi mpya ya Afrika Mashariki, stakabadhi zenye namba na mahakama ya kweli. Mabadiliko hayo hayakumfikia mlipakodi wa kijijini, na sababu yake inaeleweka tukiangalia alichofanya Gavana Donald Cameron.

Cameron aliingia mwaka 1925 akiwa na imani kubwa ya kutawala kupitia watawala wa jadi. Sheria ya mwaka 1926 iliwapa watemi, machifu na maliwali mamlaka rasmi. Sheria nyingine ya mwaka 1929 iliyaondoa mabaraza yao chini ya Mahakama Kuu na kuyaweka chini ya utawala. Kuanzia hapo rufaa ya mtu wa kijijini ilipanda kutoka kwa chifu kwenda kwa mkuu wa wilaya, kutoka huko kwenda kwa mkuu wa jimbo, na mwisho kwa gavana. Majaji wenye majoho hawakuiona. Mawakili nao walizuiwa kuingia katika mabaraza hayo.

Fedha nazo zilifuata njia hiyohiyo. Sehemu ya kodi iliyokusanywa ilirudi katika hazina ya utawala wa wenyeji, na humo ndimo ulimotoka mshahara wa chifu, wa karani wake na wa matarishi waliozunguka vijijini kuwatafuta wasiolipa. Chifu alikuwa mkusanyaji. Chifu alikuwa hakimu. Mshahara wake ulitoka katika kile alichokusanya. Na kila ngazi ya rufaa juu yake ilishikwa na afisa ambaye kazi yake ilipimwa, pamoja na mambo mengine, kwa kiasi cha kodi kilichoingia kutoka eneo lake. Wapo waliousifu utaratibu wa Cameron kwa kuheshimu mila, na katika mashauri ya ndoa, mipaka na mifugo sifa hiyo ina ukweli. Katika shauri la kodi ulikuwa utaratibu mbovu, kwa kuwa mdai na hakimu walikula chungu kimoja.

Kiwango kilitofautiana kwa wilaya. Penye kahawa au pamba mtu alilipa shilingi 10 au 12, na penye ukame au umbali na soko akalipa pungufu ya hapo. Mwenye wake wengi alidaiwa kwa kila nyumba. Aliyelipa alipewa stakabadhi, na karatasi hiyo ndogo ikawa kitu cha kulindwa kuliko nguo. Ilikunjwa, ikafungwa katika kipande cha kitambaa au kuchomekwa kwenye mwanzi, ikasafiri na mwenyewe hadi mashamba ya mkonge ya Tanga na kurudi. Tarishi akimkuta mwanamume njiani hakumuuliza habari za safari. Alimtaka aonyeshe karatasi. Aliyeipoteza alikuwa sawa na asiyelipa, mpaka karani akubali kufungua daftari la mwaka huo na kulitafuta jina lake, naye karani alikuwa na siku nzuri na siku mbaya.

Barazani maneno yalikuwa machache. Mdaiwa aliitwa jina, akasimama, akaulizwa kwa nini hajalipa. Hakukuwa na hoja ya kisheria ya kutoa, kwa kuwa deni lilitokana na kuwa kwake mtu mzima mwenye pumzi. Alichoweza kufanya ni kuomba: mvua haikunyesha, ng'ombe wamekufa, kaka bado hajarudi kutoka Tanga. Chifu mwenye huruma alimwongezea miezi. Mwingine alituma watu wakamate mbuzi wauzwe. Asiye na mbuzi alipelekwa kulipa kwa jasho, akilima barabara, akibeba mizigo ya serikali au akijenga daraja hadi siku zake zitimie. Mdororo wa uchumi ulipoangusha bei za mazao mwanzoni mwa miaka ya 1930, mtu aliuza mazao yaleyale na kupata sehemu tu ya fedha ya zamani, lakini kodi ilidaiwa palepale. Waliolipa kwa kazi za mikono wakaongezeka sana. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Shirikisho la Mataifa, kwa hiyo habari za watu hao zilipelekwa Geneva katika taarifa za kila mwaka na kuulizwa maswali, hasa baada ya mkataba wa kimataifa wa mwaka 1930 dhidi ya kazi za kulazimishwa. Maafisa walijibu kwamba ile haikuwa kazi ya kulazimishwa, ilikuwa njia ya kulipa.

Majirani nao walikuwa na yao. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliweka rupia 3 kwa nyumba na rupia 3 nyingine kwa bunduki. Nchini Kenya, ambako kodi ya nyumba ilianza mwaka 1901, wasiolipa waliongezeka magerezani hadi serikali ikatunga sheria ya kambi za vizuizi mwaka 1925, ili watu wa kodi na wa makosa madogomadogo wasichanganywe na wezi na wauaji. Kambi hizo zilitoa vibarua wa bei rahisi kwa kazi za serikali. Kwa hiyo mtu aliyekosa shilingi kadhaa alikuwa na jela yake maalumu.

Mfanyabiashara wa mjini alidaiwa kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 1923, chini ya Gavana Horace Byatt, serikali ya Tanganyika ilileta kodi ya faida pamoja na masharti mapya ya leseni. Vitabu vya hesabu vilitakiwa kuandikwa kwa lugha ambazo ofisi ingeweza kuzisoma, ilhali wenye maduka wengi wa Kihindi waliandika kwa Kigujarati. Mwezi Aprili maduka yakafungwa. Mgomo huo, ambao Wahindi waliuita hartali, ulidumu zaidi ya siku 50, na kodi yenyewe ikafutwa mwaka 1927. Katika ugomvi wote ule ubishi ulihusu vitabu, faida, leseni na lugha. Mwenye duka alidaiwa mali yake, naye alikuwa na jumuiya, mawakili na magazeti ya kumsemea. Kodi ya mapato ilipokuja mwaka 1940, nayo ilikuja na haki ya kupinga makadirio na kukata rufaa hadi kwa majaji. Kwa hiyo ndani ya nchi moja, mwaka mmoja, kulikuwa na watu wawili wenye madeni ya serikali: mmoja akibishana kwa karatasi mbele ya jaji, mwingine akilima barabara kwa amri ya chifu.

Upareni watu waliamua kulipinga hilo kwa namna ambayo bado inastahili kusimuliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 baraza la machifu wa Upare, kwa baraka za serikali, lilianzisha kodi ya nyongeza iliyopangwa kwa kadiri ya uwezo wa mtu. Iliitwa mbiru, jina la ushuru wa kale ambao Wapare waliwatolea watawala wao. Mkoloni aliona amepata mambo mawili kwa pamoja: kodi ya haki zaidi, maana tajiri angelipa kuliko maskini, na tena yenye sura ya mila. Wapare waliona kitu kingine. Ili kujua nani alipe nini, ilibidi watu wa chifu waingie mji wa kila mtu wahesabu mbuzi, wapime shamba, wakadirie kahawa. Jirani angemkadiria jirani. Mtu aliyegombana na mtu wa chifu mwaka jana angejikuta amekuwa tajiri mwaka huu. Na akitaka kupinga makadirio, angekwenda kupinga wapi? Kwenye baraza la chifu aliyekuwa mjumbe wa baraza lililoitunga kodi hiyo.

Maelfu ya wanaume walishuka kutoka milimani Usangi, Ugweno, Mamba na kwingineko, wakakusanyika Same makao makuu ya wilaya, wakakaa. Hawakukataa kulipa kodi, na jambo hili ndilo lililowatatiza maafisa. Walisema wazi: tupangieni kiwango kimoja kinachojulikana, hata kikiwa kikubwa zaidi, tutalipa, ila hatutaki kukadiriwa. Mwanahistoria Isaria Kimambo, aliyeandika kuhusu tukio hilo mwaka 1971, ameonyesha jinsi lilivyoandaliwa kwa utulivu na nidhamu, likiongozwa na watu kama Paulo Mashambo. Wanaume walipokaa Same kwa muda mrefu, mashamba na familia vikabaki mikononi mwa wanawake, na wao pia wakaingia katika ugomvi. Mkuu wa wilaya alipokwenda Usangi, umati wa wanawake ulimkabili na kumtaka achague: ama amalize suala la kodi na kuwarudisha waume zao, ama awape mimba wote yeye mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyewanyima waume. Mbele ya watu wote, katika jamii yenye heshima zake, maneno hayo yalikuwa fimbo nzito. Baadhi ya viongozi wa upinzani walikamatwa, lakini kufikia mwaka 1947 mbiru ilikuwa imeondolewa, na Wapare wakarudi kwenye kiwango kimoja.

Kuna wanaoiona mbiru kama ujinga wa watu waliokataa kodi yenye usawa. Hukumu hiyo si ya haki. Kodi inayotegemea makadirio huhitaji mtu wa tatu wa kuamua pale mkadiriaji na mkadiriwa wanapotofautiana. Upareni mtu huyo wa tatu hakuwapo. Kiwango kimoja kilikuwa kinga pekee iliyobaki kwa raia asiye na mahakama, kwa sababu hakikuacha nafasi ya mtu mwingine kumwamulia.

Baadaye hatua zilikuja polepole. Sheria ya mwaka 1951 ilianza kuyarekebisha mabaraza ya wenyeji na kuyapa mahakama yake ya juu ya rufaa. Baada ya uhuru utawala wa machifu uliondolewa mwaka 1963, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka huohuo ikaunganisha mahakama zote katika mfumo mmoja: mahakama ya mwanzo chini, Mahakama Kuu juu. Kwa mara ya kwanza shauri la mkulima wa Usangi lingeweza kupanda kwa ngazi zilezile lilizopanda shauri la mwenye duka wa Dar es Salaam. Mwaka 1969 serikali ikachukua hatua kubwa zaidi: ikafuta kodi ya kichwa ya halmashauri pamoja na ushuru wa mazao, na kuweka kodi ya mauzo viwandani. Vijijini stakabadhi ikapoteza kazi yake. Kizazi kizima kikakua bila kumkimbia tarishi.

Kizazi hicho kilikuja kujifunza kukimbia kikiwa kikubwa. Halmashauri zilizovunjwa mwaka 1972 zilirudishwa mwaka 1984 kwa sheria zilizotungwa miaka miwili kabla, na zilirudi zikiwa hazina kitu. Uchumi ulikuwa taabani, hazina kuu ilikuwa tupu, na shule na zahanati zilihitaji kuendeshwa. Jibu likawa kodi ya maendeleo, iliyotozwa kila mtu mzima kwa kiwango kilichopangwa na halmashauri. Jina lilikuwa jipya. Mwenye umri wa kukumbuka alikitambua kitu chenyewe mara moja.

Aliyeishi kijijini miaka ya 1980 na 1990 hahitaji kuelezwa msako ulivyokuwa. Mtendaji wa kata na mtendaji wa kijiji waliondoka alfajiri wakiwa na mgambo, kabla watu hawajatoka kwenda shamba. Mlango uligongwa. Mwanaume aliyekuwa mwepesi alipitia nyuma, akapotelea migombani au vichakani, akarudi jioni. Aliyekamatwa alitembezwa na wenzake hadi ofisi ya kata. Barabarani kuliwekwa vizuizi: basi lilisimamishwa, abiria wakashushwa, kila mmoja akatakiwa kuonyesha risiti. Mfanyakazi wa serikali alikatwa kwenye mshahara na hakuona adha hiyo, ila mkulima, mvuvi na mchuuzi wa gulioni waliitafuta njia ya kupita pembeni. Siku za gulio zikawa siku za kukamatwa, na wapo walioacha kupeleka mazao sokoni kwa sababu hiyo. Mtafiti wa Norway Odd-Helge Fjeldstad, aliyefanya kazi Kibaha na Kilosa katika miaka hiyo, aliona jinsi nguvu hizo zilivyowafanya watu waione kodi kama uporaji, hasa pale walipotazama barabara na zahanati yao na kukuta hakuna kilichobadilika.

Kisheria, asiyelipa alipaswa kufikishwa mahakama ya mwanzo. Mahakama hiyo sasa ilikuwa na hakimu anayelipwa na serikali kuu, asiyekuwa mkusanyaji wa kodi, na hilo ni maendeleo ya kweli yasiyopaswa kubezwa. Lakini mawakili hawakuruhusiwa kuingia mahakama ya mwanzo, kama walivyozuiwa kwa chifu, na mengi yalikwisha kabla ya kufika kwa hakimu. Mtu alishikiliwa katika ofisi ya kata hadi ndugu zake wakachanga. Baiskeli ilichukuliwa, kuku wakachukuliwa, redio ikachukuliwa. Risiti wakati mwingine iliandikwa na wakati mwingine haikuandikwa. Kwa aliyeshikiliwa, mahakama lilikuwa tishio analotajiwa na mgambo ili alipe haraka, ilhali ndiyo iliyokuwa mahali pekee ambapo angeweza kumuuliza mtendaji kwa nini amemshika.

Wilayani Arumeru uvumilivu uliisha mwaka 1998. Halmashauri ilikuwa imepandisha kodi ya maendeleo, wananchi wakaona hawajui fedha zinakokwenda, wakagoma kwa mikutano na maandamano hadi halmashauri yenyewe ikavunjwa. Miaka mitano baadaye, katika bajeti ya Juni 2003, Waziri wa Fedha Basil Mramba alitangaza kuifuta kodi ya maendeleo nchi nzima pamoja na kodi nyingine zilizoitwa kodi kero. Uganda ilifanya kama hivyo mwaka 2005 kwa kodi yake ya watu wazima, iliyokuwa na misako yake ya alfajiri. Ni vigumu kupima kwa fedha nafuu iliyoingia vijijini siku zile. Wanaume walilala hadi asubuhi katika nyumba zao.

Wakati huohuo upande wa pili, ule wa wafanyabiashara na kampuni, ulikuwa ukijengewa vyombo vyake. Mamlaka ya Mapato Tanzania ilianza kazi tarehe 1 Julai 1996. Sheria ya Rufani za Kodi ikafuata mwaka 2000, ikaunda Bodi ya Rufani za Kodi na juu yake Baraza la Rufani za Kodi linaloongozwa na jaji wa Mahakama Kuu. Anayebishia makadirio humwandikia kwanza Kamishna Mkuu pingamizi ndani ya siku 30. Asiporidhika na uamuzi huenda Bodi, kisha Baraza, na kwa hoja za sheria hufika Mahakama ya Rufani. Katiba nayo, katika ibara ya 138, imekataza kodi yoyote isiyotokana na sheria iliyotungwa na Bunge au kupata nguvu kutoka kwa sheria ya namna hiyo, na majaji wameendelea kurudia kanuni ya zamani kwamba sheria ya kodi husomwa kama ilivyoandikwa, bila kuongezewa kitu na mdai wala mdaiwa.

Shauri lililoonyesha uzito wa njia hiyo lilihusu kampuni ya madini ya African Barrick Gold, iliyokuja kuitwa Acacia. Kampuni hiyo ilisajiliwa Uingereza na hisa zake ziliuzwa katika soko la London, ila migodi yake ilikuwa Tanzania. Kati ya mwaka 2010 na 2013 ililipa wanahisa wake gawio, na Mamlaka ya Mapato ikadai kodi ya zuio ya zaidi ya dola milioni 41. Kampuni ilisema yenyewe si mkazi wa Tanzania kikodi, hivyo haidaiwi. Baraza lilikataa hoja hiyo mwaka 2016, na Agosti 2020 Mahakama ya Rufani ikaafiki kwamba ilikuwa mkazi. Ilichukua miaka, nyaraka nyingi na mawakili mahiri wa pande zote mbili. Hata hivyo deni lilijadiliwa hadharani, hoja kwa hoja, na hukumu ikaandikwa kwa sababu zake, ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma na kuzipinga.

Si kila mdaiwa ana nguvu ya kufika huko. Ili pingamizi lipokelewe, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi kuweka kwanza theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, au kiasi asichokibishia kama ni kikubwa zaidi. Kwa kampuni ya madini huo ni mzigo unaobebeka. Kwa mwenye duka la vitenge aliyekadiriwa kwa makosa mara tano ya mauzo yake, theluthi hiyo inaweza kuwa kubwa kuliko bidhaa zote zilizomo dukani. Wakati huo mamlaka inaweza kuiandikia benki yake itoe fedha kwenye akaunti, au kutuma dalali akamate mali, bila kwanza kwenda mbele ya hakimu. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliwataka wakusanya kodi waache mabavu na waache kufunga akaunti za wafanyabiashara. Mei 2023, miaka 100 baada ya hartali, wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka yao kwa siku kadhaa, wakilalamikia pamoja na mambo mengine namna walivyofuatwa na maafisa wa kodi, hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda kukutana nao Mnazi Mmoja. Walizungumza naye uwanjani kwa saa nyingi, mmoja baada ya mwingine. Mengi waliyoyaeleza yalikuwa mashauri halisi: fulani alikadiriwa kwa kukisia, fulani alichukuliwa mzigo, fulani alidaiwa nyaraka za miaka ya nyuma ambazo hakuzihifadhi. Yalipaswa kusikilizwa na Bodi, kila moja na ushahidi wake.

Sheria inamruhusu Kamishna Mkuu kupunguza au kusamehe theluthi hiyo akiona kuna sababu ya kutosha. Mwenye duka anayetaka nafuu hiyo lazima aiombe kwa Kamishna Mkuu, ambaye ndiye anayemdai.